Wapi nizipeleke picha za Feri

Muhula ndio unaisha hivi, na kwenye laptop nina folda nzima ya wakaanga samaki wa Soko la Feri, Dar es Salaam, ambayo mpaka sasa wameiona mwalimu, wanadarasa wenzangu na watu wa status yangu ya WhatsApp, basi. Sitaki ziishie hapo kwa kweli. Ndio maana usiku nakesha nasoma kanuni za mashindano ya picha, moja baada ya jingine, mengine mazuri mno na mengine ukiyasoma mpaka chini unafunga haraka, kwa hiyo naandika hapa ninavyoyaona kabla hayajanichanganyikia kichwani.

Ukimwambia mtu mashindano ya picha atakutajia World Press Photo. Sawa, ni la siku nyingi, lilianza 1955 kule Uholanzi, kuingia bure, na siku hizi wameigawa dunia kikanda, yaani kazi ya Afrika inashindana kwanza na kazi za Afrika. Ila lile ni la wapiga picha wa habari ambao hiyo ndio kazi yao, mimi bado mwanafunzi. Nilichopenda kwao ni ukali: ukifika hatua za mwisho wanataka faili kama lilivyotoka kwenye kamera, walilinganishe na ulichowatumia waone kama hujafuta mtu au kuongeza kitu. RAW zangu zote za Feri, yaani faili ghafi za kamera, ziko kwenye hadi diski na nyingine nimeziacha kwa kaka yangu, nafasi ikijaa nitafuta muvi.

Linalonikaa mimi ni Sony World Photography Awards, kwa sababu lina kipengele cha wanafunzi, nalo bure, na picha zinazofika mbali zinatundikwa Somerset House, London. Shida ni kwamba wanafunzi wanapewa mada, na sirizi yako, yaani picha kadhaa za jambo moja, lazima iijibu hiyo mada, huwezi kuchomeka tu ulichonacho. Wildlife Photographer of the Year la Natural History Museum, la picha za viumbe wa porini, nimelipita, mimi mnyama niliyempiga sana ni paka wa Feri. Halafu kuna Kampala hapo jirani, Uganda Press Photo Award ilianza 2012 na watu walewale wakaja na East African Photography Award kwa ukanda wetu, na nikiangalia kazi zilizopita kule naona watu wanaopiga mitaa kama yangu, mwanga kama wangu, inanipa moyo sana.

Wiki Loves Africa, shindano la picha la watu wa Wikipedia, nalo nimelifikiria mno. Lipo tangu 2014, kila mwaka na mada yake, 2017 ilikuwa watu kazini, yaani ingekuwa sasa ningejaza folda nzima. Lakini picha ukiiweka pale inakuwa huru, yeyote duniani anaweza kuitumia hata kibiashara ilimradi akutaje. Kwa majengo na mashua sina tatizo, na nina picha za ngalawa pale Magogoni ambazo natamani shule zizitumie bure kabisa. Sura ya mtu je? Mama mkaanga samaki amenikubalia nimpige akiwa kazini kwake, hajanikubalia awe kwenye tangazo la mafuta ya kupikia nchi asiyoijua. Kwa hiyo ngalawa ziende, sura zibaki.

Na hapo ndipo nataka kila mwanafunzi mwenzangu asome vizuri. Kuna shindano moja la kampuni, silitaji, zawadi simu, mshindi anapatikana kwa laiki, na chini kabisa kwa maandishi madogo wanasema picha zote zitakazotumwa, siyo zilizoshinda tu, ZOTE, watazitumia milele kwa matangazo bila kumlipa mtu. Yaani simu moja wanakusanya picha za mji mzima! Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 kazi uliyoiumba ni yako mpaka wewe mwenyewe uiachie, na kubonyeza "nakubali" ndio kuwapa ruhusa ya kuitumia. Nimeumia kuona wenzangu wanaombana kura kwenye magrupu kwa kitu kile.

Tukija kwenye kuchagua sasa, hapo ndio kazi. Sirizi inataka picha chache zinazoongea pamoja, siyo kali zako zote. Nikaprinti ndogondogo Kariakoo, saizi ya posti kadi, nikazitandika chini chumbani, kila siku nahamisha moja natoa nyingine. Nikaona bora nizipeleke kulekule kwa wenyewe. Jioni mafuta yamepoa, makarai yamegeuzwa, wakazipokezana kwa mikono ina magamba na mafuta (niliprinti za ziada makusudi), wakacheka, wakatafutana. Mwalimu anaipenda ile ya mvuke umemfunika jamaa nusu uso, na mimi pia naipenda. Mama mmoja mkaanga vibua akaziangalia zote kimya halafu akasema, "Mwanangu, humu moto uko wapi? Sisi kazi yetu ni moto, samaki anajikaanga mwenyewe." Akanieleza kuni zikiwa mbichi anajua kwa moshi kabla hajainama, na karai likizidi moto vibua vinaungua nje ndani vibichi, mchuuzi aliyeleta samaki wake akaangiwe harudi tena. Folda yote ile, moto upo kwenye picha mbili na zote pembeni. Hakuna jaji wa London atakayenionyesha hilo.

Toka siku hiyo namuwaza sana Malick Sidibé, mpiga picha wa Bamako, Mali. Alikuwa anapiga picha kwenye madansa ya vijana usiku, akirudi anasafisha, anazibandika nje ya studio yake vijana waje wajitafute wachague za kununua. Miaka ikapita, 2007 kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice wakampa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake, Mwafrika wa kwanza kuipata. Na hapa karibu tu, Zanzibar, Capital Art Studio ya Ranchhod Oza tangu 1930, familia ikaiendeleza, ukuta umejaa picha nyeusi na nyeupe za Mji Mkongwe, unaingia kama mteja unajikuta kwenye maonyesho. Kwa hiyo mtu akiniambia bila gallery hakuna maonyesho nambishia. Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, nitapeleka maombi, ndio, napatamani sana, ila kabla ya hapo nataka kuzitundika kwa kamba na vibanio vya nguo palepale Feri, siku moja tu, kila mtu akiondoka abebe ya kwake.

Mpango wangu ndio huu basi. Kampala natuma, lile la Sony la wanafunzi natuma mada ikinikubali. Maelezo ya kila picha naandika kwa Kiswahili kwanza nikiwa nao palepale, jina lake anavyotaka liandikwe, samaki gani, saa ngapi, halafu ndio Kiingereza, maana "mwanamke akikaanga samaki" hayo siyo maelezo. Jumamosi nawahi kabla mnada haujachangamka, nainama usawa wa kuni niutafute huo moto. Mwenzangu ananiazima filta ya kukinga lenzi, mafuta yanaruka vibaya, na mama kashaniambia nije na viatu vya kufunika.