Tuliposimamisha Filamu ya Georgia O'Keeffe

Novemba 2014 habari za mnada mmoja wa New York zilisambaa kila mahali. Mchoro wa ua jeupe la mnanaha, kazi ya Georgia O'Keeffe ya mwaka 1932, ulikuwa umeuzwa kwa dola milioni 44.4. Sotheby's wenyewe, waliouendesha mnada, walitarajia milioni 10 hadi 15. Hakuna kazi ya mchoraji mwanamke iliyokuwa imewahi kufika bei hiyo mnadani. Dada yangu, ambaye naye ni mchoraji, alitembea na ushindi ule wiki nzima utadhani hundi imeandikwa kwa jina lake. Shemeji alipouliza kama mnanaha si ule mmea wa sumu unaojiotea majalalani, alijibiwa kwa jicho.

Haukupita muda dada akanipigia simu. Alikuwa amepata diski ya filamu ya maisha ya mama huyo na mumewe, Alfred Stieglitz.

"Njoo umwone mwenzio alivyokuwa," akasema.

Mwenzio, kwa kuwa riziki yangu inatoka kwenye kamera, na Stieglitz ndiye aliyehangaika kuliko wote huko Marekani hadi picha za kamera zikakubalika kutundikwa ukutani pamoja na michoro. Nilijua naitwa kujibu mashtaka.

Filamu yenyewe haina jina la mbwembwe, inaitwa Georgia O'Keeffe. Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni na kurushwa mwaka 2009 na kituo cha Lifetime. Aliyeiongoza ni Bob Balaban. Joan Allen ndiye Georgia, Jeremy Irons ndiye Stieglitz. Waliipigia New Mexico, na kwa hilo nawapa heko, maana mwanga wa kule huwezi kuutengeneza studio kwa taa za namna yoyote. Irons ana sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa tangu utotoni, na ndivyo Stieglitz anavyohitaji kuwa. Allen yeye hasemi sana. Anasimama wima, anaangalia, unajua amekataa.

Mambo yao yalianza kwa ugomvi, na sisi wetu ukaanzia hapo hapo. Mwishoni mwa 1915 Georgia alikuwa mwalimu wa chuo huko Columbia, South Carolina. Aliweka rangi zote kando, akabaki na mkaa wa kuchorea na karatasi, akachora vitu visivyofanana na chochote alichofundishwa. Akaviviringisha, akavituma New York kwa rafiki yake Anita Pollitzer, na akamsihi asimwonyeshe mtu. Pollitzer akavibeba hadi kwa Stieglitz tarehe 1 Januari 1916, siku ambayo bwana yule alikuwa anatimiza miaka 52. Georgia alikuwa na 28. Miezi michache baadaye Stieglitz akazitundika kazi zile katika vyumba vyake vya maonyesho vilivyojulikana kwa namba tu, 291, kwenye Fifth Avenue. Mwenyewe hakuulizwa. Alikuja kujua kwa sababu mtu alimuuliza kama yeye ndiye "Virginia O'Keeffe" aliyetundikiwa michoro mjini. Akaenda kudai iteremshwe. Haikuteremshwa.

"Asingekuwa yeye, nani angemjua?" nikasema.

"Zilikuwa zimeshachorwa, mdogo wangu. Aliyekufungulia mlango ndiye aliyejenga nyumba?"

Shemeji akacheka, akamwagiwa karanga.

Tukaendelea. Mwaka 1918 Georgia anahamia New York. Stieglitz bado ana mke, Emmeline, na siku moja mama wa watu anarudi nyumbani na kumkuta mumewe akimpiga picha yule msichana. Anamwambia achague. Jamaa anafungasha. Talaka ilichukua miaka, wakaja kuoana Desemba 1924. Katikati ya miaka hiyo Stieglitz hakuwa akifanya kingine cha maana zaidi ya kumpiga picha Georgia: uso, shingo, mikono, miguu, mwili mtupu. Mwaka 1921 alifanya maonyesho makubwa ya picha 145, na zaidi ya 40 zilikuwa za Georgia. New York nzima ikamjua. Hapo dada akachukua rimoti akasimamisha filamu.

"Umeona? Watu waliujua mwili wake kabla hawajaijua kazi yake. Halafu akija kuchora maua, kila mwandishi anaona kitanda."

Hilo siwezi kulibisha. Maua yale makubwa alianza kuyachora katikati ya miaka ya 1920, na hadi anakufa alikuwa akikana maana walizoyabandika. Ila mimi kilichokuwa kinanikera kwenye filamu kilikuwa kingine, cha kifundi. Kila ikifika sehemu ya picha, mambo yanakwenda upesi mno: anamgeuza kidogo, anainama kwenye kamera, wanatazamana, tayari. Nikamwambia dada haikuwa hivyo. Stieglitz alitumia kamera kubwa ya kwenye stendi na mabamba ya kioo, na Georgia alipokuwa mzee aliandika kwamba mara nyingine ilibidi akae dakika tatu au nne bila kutikisika. Sikio linawasha, mdomo unacheza wenyewe, mikono inachoka. Ukitikisika, bamba limeharibika, mnaanza upya.

"Dakika nne ni nini?" dada akasema.

Kamera nilikuwa nayo kwenye begi, na stendi kwenye gari. Ilikuwa saa kumi jioni, mwanga wa dirishani bado mkali, kwa hiyo nikaibana lenzi hadi tundu la mwisho na kuifunika kwa kioo cheusi, kile ninachotumia nikitaka maji ya mto yatoke laini. Dada akavuta kiti hadi dirishani. Nikamwambia aweke mikono kifuani, mmoja juu ya mwingine, vidole vimetanuka, kwa sababu mikono Stieglitz aliirudia mara nyingi, na picha moja ya mikono ile iliuzwa mwaka 2006 kwa zaidi ya dola milioni 1. Kucha zake zilikuwa na rangi ya bluu pembeni. Akataka akanawe. Nikamkatalia.

Nikafungua shata kwa rimoti, shemeji akashika saa ya simu.

Dakika ya kwanza alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kupigwa picha, ninalolijua sana, maana ndilo watu wanalonilipa nilipige. Shemeji alikuwa nyuma yangu akifanya vituko na dada alikuwa anabana kicheko puani. Ilipoingia dakika ya pili, tabasamu likaanza kuwa zito. Niliona linavyoshuka, upande wa kushoto kwanza, kisha wa kulia, na yeye hakulishusha, lilimtoka tu. Misuli ya shavu ikakaa mahali pake. Kidole cha shahada cha mkono wa juu kikaanza kutetemeka kidogo sana, akakigandamiza kwenye mfupa wa kifua hadi kikatulia. Macho yalikuwa yananiangalia mimi, lakini kwa jinsi yalivyokaa, nilikuwa sipo. Shemeji akaacha vituko vyake.

Na mimi nikiwa na rimoti mkononi sikuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililonipata, na sikulitegemea. Nimezoea kazi ambayo mpiga picha ndiye anayehangaika: anazunguka, anachuchumaa, anabonyeza mara mia. Hapa nilikuwa nimesimama tu. Kazi yote ilikuwa ya aliyeketi. Yeye ndiye aliyekuwa anaishikilia picha isianguke, pumzi baada ya pumzi, na mimi nilikuwa nasubiri anikabidhi.

"Muda," shemeji akasema.

Dada akashusha mikono, akajikuna sikio kwa nguvu, akakunja na kukunjua vidole. Hakusema kitu kwa kitambo. Kisha akauliza, "Alimpiga ngapi?"

"Zaidi ya 300. Kuanzia 1917, kwa miaka 20 hivi."

Akawa anapiga hesabu kichwani.

"Kwa hiyo huyu mama alikuwa na kazi mbili," akasema. "Hii, na ile yake ya kuchora."

Tangu hapo filamu tuliitazama kwa jicho jingine. Kabla ya hapo nilikuwa natafuta nani kamtumia nani, na filamu yenyewe inakusukuma huko, kwa sababu mzozo ndio chakula cha televisheni. Kituo gani kitamwacha mwigizaji aketi dakika nne, hakuna muziki, hakuna neno? Watu wangebadilisha. Lakini kwa ninavyoona mimi, ndoa ya watu wale ilikaa zaidi mle kwenye ukimya wa kiti na kamera, na kwenye barua zao. Waliandikiana karibu kurasa 25,000, na Georgia aliacha agizo barua zile zisifunguliwe hadi ipite miaka 20 baada ya kifo chake. Zikafunguliwa 2006. Mtu aliyeonewa tu, asiye na lingine, haweki amana ya namna hiyo.

Dada hakukubali yote. Alipotokea Dorothy Norman, mpenzi wa nje wa Stieglitz, binti aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka 41, nilidhani atakasirikia mapenzi yenyewe. Wapi. Mapenzi aliyapita kwa msonyo mmoja. Kilichomtoa kwenye kochi ni pale nilipomwambia kwamba Norman naye alipigwa picha, tena nyingi.

"Kwenye kiti kile kile?"

Nikasema kiti sikijui.

"Hapo ndipo alipomtukana," akasema. "Kulala na mwingine, sawa, wanaume ndivyo mlivyo. Lakini umpe mwingine ile kazi!"

Shemeji akaniangalia kama kwamba mimi ndiye niliyemleta Norman nyumbani kwake.

Miaka hiyo ilikuwa mibaya kwa Georgia. Mwaka 1932 alikubali kuchora ukutani katika chumba cha wanawake cha Radio City Music Hall, ukumbi mkubwa wa burudani wa New York, kwa dola 1,500, na Stieglitz akaja juu, kwanza kwa kuwa hakushirikishwa, pili kwa kuwa aliona ni bei ya kumdhalilisha. Kanvasi ikaanza kubanduka ukutani kabla hata hajaigusa, akaondoka, na mwanzoni mwa 1933 akalazwa hospitali kwa msongo mkubwa wa mawazo. Hakuchora tena hadi mwaka uliofuata. Sehemu ya New Mexico nayo, ambako alianza kwenda mwaka 1929, mimi niliifurahia kwa sababu ya Tyne Daly, anayeigiza mwenyeji wake, Mabel Dodge Luhan. Kila akiingia anachukua chumba chote. Shemeji alikuwa ameanza kusinzia, akaamka kwa ajili yake.

Iliyobaki filamu inaikimbia. Stieglitz alikufa Julai 1946, na Georgia akaishi miaka 40 mingine, hadi Machi 1986, akiwa na 98. Alipokufa mume, yeye mwenyewe aliyapeleka majivu Lake George, ziwani ambako familia ya Stieglitz ilikuwa na nyumba, akayazika. Kisha badala ya kukimbilia jangwani kwake, akakaa New York kwa sehemu kubwa ya miaka mitatu akiigawa mali ya marehemu: picha zake, na kazi za wasanii wengine alizokuwa amezikusanya maisha yake yote. Makumbusho makubwa yakapata, na mafungu mengine yakaenda Nashville, Chuo Kikuu cha Fisk, chuo cha Wamarekani weusi, nyakati ambazo kusini kote bado watu walikuwa wanatengwa kwa rangi. Zile picha alizomkalia yeye, pamoja na nyingine zaidi ya 1,000, alizichagua moja moja na kuzipa makumbusho ya taifa ya sanaa mjini Washington.

"Kazi ya tatu hiyo," dada akasema. "Na wewe unataka filamu ya dakika 90."

Tukaitazama picha yetu kwenye kompyuta. Uso ulikuwa umetoka kama moshi, pua haipo, macho manne. Mikono ilikuwa mikali ajabu, hadi ile bluu ya kwenye kucha unaiona. Shemeji akasema hiyo angeinunua, bei ipunguzwe.

"Nisafishie kubwa," dada akaniambia. "Lakini ukiitundika popote, jina langu liwepo. Siyo kwa maandishi madogo kule chini eti 'dada wa mpiga picha.' Jina langu, halafu lako."

Nikamwambia sawa. Akaniuliza Jumapili nina nafasi, kwa sababu anataka kunichora, na rangi za mafuta si za dakika nne. Georgia watu hakuwachora ila mara chache sana, nikamkumbusha.

"Mimi siyo Georgia," akasema. "Uje umenyoa."