Pandoc, programu ya kugeuza faili toka aina moja kwenda nyingine, we kiboko!

Leo ofisini Ntinda bosi kataka mwongozo wote wa mfumo wetu uwe wa Word, kabla ya saa kumi. Na sisi tunauandika kwa Markdown, yaani maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, mafaili tele.

Wenzangu wakaanza kunakili na kubandika. Mimi nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri:

pandoc -s *.md -o mwongozo.docx

Nikabonyeza Enter. Kimya. Hata "tayari" haisemi, kishale kinapepesa tu. Nikadhani imegoma.

Kufungua faili, vichwa vimepangika, majedwali yamesimama, hata tanbihi ziko chini ya kurasa zake!

Aliyeianzisha Pandoc mwaka 2006, John MacFarlane, ni profesa wa falsafa. Falsafa jamani!

PDF ndiyo inanidai LaTeX, programu ya kupanga kurasa, na bando langu la kuipakua mnalijua. Watu wa Kampala, nani ana TeX Live, kifurushi chenye hiyo LaTeX, kwenye flashi aniazime?