Siku Moja Maishani Mwangu: Harusi Mchana, Rekodi Usiku

Saa kumi na mbili asubuhi niliamka Mbagala, nikasuuza tarumbeta kwa maji ya uvuguvugu, nikazitia mafuta vali zake tatu, kisha nikapanda daladala nikiwa nimeipakata. Saa nne wenzangu wanane wa bendi ya matarumbeta walikuwa wamekwisha kupanda nyuma ya gari la wazi huko Tabata.

Jumamosi hiyo tulikuwa na kazi mbili: mchana kuongoza msafara wa harusi, na usiku kufanya onyesho ambalo lingerekodiwa papo hapo mbele ya watazamaji, rekodi yetu ya kwanza. Kwa sababu hiyo tulikubaliana na wenye harusi, kwa maandishi, kwamba tungepiga kwa saa mbili tu. Midomo ya mpulizaji ni kama miguu ya mchezaji mpira; ikichoka, sauti za juu hazitoki hata ukipuliza mpaka mishipa ya shingo isimame. Wapiga zumari wa Uskoti wana mfuko unaowawekea akiba ya hewa, lakini sisi akiba yetu ni mapafu.

Saa saba tulifika Sinza, kazi ikiwa imekwisha, na ndipo alipojitokeza mjomba wa bwana harusi.

"Vijana, zungukeni tena. Kuna wageni hawajawaona."

Kiongozi wetu alimjibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Muda tuliokubaliana umekwisha, na jioni tuna kazi nyingine."

"Marahaba. Kazi gani? Si kupuliza tu?"

Kwa kuwa salio la malipo lilikuwa mfukoni mwake, tulizunguka. Wageni wengine walipofika tukazunguka tena, na mpiga picha aliposema kwamba kamera haikuwa imewashwa, tukaanza upya kuanzia getini, jua likiwa utosini na shaba ikichoma vidole. Nilinyamaza kwa kuheshimu mvi zake, ingawa nilitamani kumweleza kwamba miji ya pwani ilicheza beni, ngoma iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi, hata kabla ya vita vya 1914, na kwamba mashabiki wa Marini na Arinoti, vikundi vya beni vilivyokuwa mahasimu, wasingethubutu kuiita kupuliza tu. Tuliachiwa saa kumi kasoro robo, na salio tukaahidiwa Jumatatu.

Ukumbini Mikocheni fundi mitambo alikuwa amekwisha kupanga maikrofoni. Joto hupandisha sauti ya ala za shaba, kwa hiyo kila mmoja alivuta bomba lake la kurekebishia sauti nje kidogo, tukalinganisha, na feni zilipowashwa tukalinganisha tena. Kisha umeme ukakatika. Jenereta iliwashwa, lakini mvumo wake uliingia kwenye kila maikrofoni, ikabidi isukumwe hadi nyuma ya ukuta wa jirani na nyaya zirefushwe, huku watu wakiendelea kuingia. Studio isingekuwa na adha hiyo, ila huko tungerekodiwa mmoja mmoja, nasi tumezoea kuanza wimbo kwa kutazama bega la mpiga ngoma kubwa.

Sijui tulianza saa ngapi. Ninachokumbuka ni wimbo wa nne, mahali ninapopaswa kupanda peke yangu: nilivuta pumzi, midomo ikakataa, na sauti ikapasuka kama chungu. Papo hapo mama mmoja wa safu ya mbele akapiga kigelegele.

Baada ya saa sita usiku tulisikiliza rekodi tukiwa tumekaa juu ya masanduku ya spika. Niliomba sauti ile nikairudie peke yangu kisha ibandikwe. Kiongozi akakataa, akisema kigelegele kile hakibandikiki. Bado naona alikosea. Daladala za Mbagala zilikuwa zimekwisha, nikapanda bodaboda, tarumbeta mgongoni, na barafu ya maji ya shilingi mia nikiwa nimeibana midomoni njia nzima.