Siku moja maishani mwangu: natembeza wageni Mji Mkongwe

Watu wakituona na vitambulisho shingoni wanatuita papasi tu, yaani vijana wa kuwaganda watalii mitaani, ngoja niwaeleze kazi yenyewe.

Saa 12 asubuhi chai na boflo, daladala mpaka Darajani, saa 2 na nusu niko Forodhani nasubiri kundi. Saa 3 Ngome Kongwe, Waomani waliijenga baada ya kumtoa Mreno, tukapita haraka.

Saa 4 tuko Dispensari ya zamani, Malindi. Tharia Topan, tajiri aliyekuja kutoka Kutch kule India, aliweka jiwe la msingi 1887 na akafa 1891 jengo halijesha. Mie sikariri tu, nauliza. Nikawaonesha roshani, mbao zimetobolewa nakshi utadhani lesi, nikasema: nani hapa babu yake alihama kwao, na alifuata nini?

Baba mmoja kutoka Dar akanikata, "Kaka, nimelipa nisimuliwe historia, sio kuulizwa maswali. Sema Wahindi walikuja kutunyonya tuendelee." Kila nikifungua mdomo anarudia hayo hayo. Sikumpinga lote, maana pesa za matajiri wale zilikopesha misafara ya pembe na ya watumwa pia, hilo nalisema wazi kila siku. Lakini nikamuuliza, na fundi aliyechonga mbao hizi je? Na Mshihiri, Mwarabu wa Hadhramaut, mchukuzi wa bandarini? Kabla hajajibu bibi mmoja wa hapa hapa Unguja akasema, "Mwanangu, babu yangu katoka Tabora kuja kuchuma karafuu, hakurudi. Mpaka leo wapo wanaotuita watu wa bara." Basi hapo wakashikana wao kwa wao, baba anabisha, bibi hakubali, jua la utosi, na mie nahakikisha kila mtu anamaliza anachosema bila kukatwa, na hiyo wallahi ni kazi nzito kuliko kukariri miaka.

Mkunazini tukafika tumechelewa, miguu inawaka, kanisa limejengwa palipokuwa soko la watumwa mpaka Sultan Barghash alipolifunga 1873. Pale siulizi mtu alifuata nini, maana walioletwa pale hawakuchagua. Yule baba alisimama muda mrefu kwenye vyumba vya chini, sikumsemesha.

Alasiri sauti imekauka ofisi inapiga simu, mteja kalalamika tumekaa sana jengo moja, eti kesho Dispensari iwe dakika 10. Nimewaambia siwezi, watu wakianza kusema ya wazee wao siwakatishi.