Nilivyokataa kukata risiti ya uongo Kariakoo

Nauza vitenge kwenye duka la mtu, Kariakoo. Anayelijua soko letu anaujua mchezo: mteja analipa 800,000, mashine ya EFD inatoa risiti ya 80,000, wote wanaondoka wanacheka isipokuwa TRA, wakusanya kodi. Nilipoambiwa nahamia kaunta, nilijua risiti hizo sasa zitakuwa zangu.

Hofu ilinishika kabla sijaombwa lolote. Kila asubuhi nilisali, "Bwana, nisaidie nisianguke," halafu napanda daladala tumbo limekaza. Kwenye jumuiya, mama mmoja muuza mihogo alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia: "Mwanangu, Waefeso wewe unaanzia sura ya nne. Rudi ya kwanza."

Nikarudi. Kweli, Paulo hana haraka ya kuamrisha. Sura tatu nzima anawaeleza wale watu wao ni nani ndani ya Kristo: wamechaguliwa, wamefanywa wana, wamekombolewa kwa damu yake, wametiwa muhuri na Roho. Agizo nililoliona humo ni moja, 2:11, kwamba wakumbuke walikotoka. Ndipo kwenye 4:25 wanaambiwa wavue uongo, na 4:28 mwizi asiibe tena. Mzigo ukishushwa bandarini una alama ya mwenyewe, ulale ghala la nani. Nami nina mwenyewe, tangu kabla bosi hajanipa kazi. Sala ikabadilika. Nikawa nasoma 1:3–14 kwa sauti ya chini ndani ya daladala, abiria wa pembeni ananiangalia kama nimepagawa.

Sikungoja mteja asimame mbele yangu ndipo niamue. Danieli naye aliazimu moyoni kwanza asile chakula cha mfalme, ndipo akamwendea mkuu wa matowashi. Nilimwendea bosi asubuhi, duka halijachangamka.

"Shikamoo, Mzee. Nitauza, majora nitabeba, hesabu nitafunga. Ila risiti nitakata ya pesa iliyoingia."

"Marahaba. Ulokole wako utakulaza njaa."

"Inawezekana, Mzee."

Nikaishia hapo. Miguu ilikuwa inatetemeka, lakini mahubiri sikuongeza. Mlokole anayeanza kumfundisha bosi habari za kodi katikati ya mazungumzo kama yale, mimi naona anatafuta kushinda tu.

Hakunifukuza. Alinipeleka stoo, kaunta akapewa mwenzangu, kamisheni ikakatika siku hiyo hiyo. Huyo mwenzangu simnyooshei kidole; ana watoto watatu shuleni, na mchana tunakula wali sahani moja. Ameshaniuliza siku ile nilipata wapi ujasiri. Nilimfungulia Waefeso, sura ya kwanza.

Kamisheni haijarudi. Mama kijijini aliona pesa imepungua, akapiga simu kuuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia nipo, ila stoo. Bosi naye siku hizi ananiita "mlokole" mbele ya wateja. Naitika.