Siku moja maishani mwangu: sungura kumi na mmoja na kijiti cha babu

Saa 11 alfajiri

Nimeamka adhana haijaisha. Siku ya kuchinja ndivyo ilivyo: nzi wa Tabora wanaamka na jua, na mimi nataka jua linikute nimeshafunika beseni la mwisho.

Nafuga sungura hapa Ipuli, Tabora mjini. Leo wamo kumi kwenye vizimba vya pembeni. Wanne wanakwenda hotelini mjini wakiwa nyama, sita nitawapeleka hai kwa mzee mmoja mbele ya Tumbi, barabara ya Urambo. Tangu jana jioni hawajala kitu, wana maji tu. Sungura aliyelala bila chakula tumbo lake linanywea, na mkono unapoingia ndani unakuta nafasi. Hili nililijua kwa mazoea. Sababu yake ya ndani nimekuja kuielewa leo mchana.

Saa 12 na nusu asubuhi

Jirani yangu amekuja moja kwa moja kutoka msikitini. Yeye ndiye anayenichinjia, kwa sababu swali la kwanza la wateja wangu wengi ni "kachinja nani?", na la bei linafuata. Mimi nashika miguu ya nyuma, yeye anasema bismillahi, kisu kinapita mara moja. Majirani zangu wa upande wa pili ni Wasabato. Wao sungura hawali kabisa, Mambo ya Walawi imewakataza, ila mbolea yangu wanaipenda na mchicha wao unanishinda.

Damu ikishakoma kudondoka namtundika kwenye ndoano mbili chini ya mwembe, kichwa chini. Nakata duara kwenye vifundo vya miguu ya nyuma, napasua ngozi kwa ndani ya mapaja mpaka zikutane karibu na mkia, halafu kisu nakiweka chini. Kuanzia hapo ni vidole. Unaivuta ngozi kuelekea kichwani kama unayemvua mtoto soksi iliyolowa, na kama mwili bado una joto inakuja yote, ndani nje, bila hata nyoya moja kugusa nyama. Ukichelewa nusu saa ngozi inashika, unaanza kung'ang'ana nayo, manyoya yanaganda kwenye nyama, na hayo hayatoki kwa maji wala kwa maombi.

Tumbo ndilo linalotaka utulivu. Nafinya ile ngozi nyembamba ya tumbo katikati, naivuta mbali na matumbo, natoboa tundu dogo la kuingiza vidole viwili. Vidole vinakaa ndani vikifanya panda, ncha ya kisu inatembea katikati yake, makali yakitazama juu. Kwa namna hiyo kisu hakionani na utumbo. Nimemfundisha mpwa wangu hivyo hivyo, na leo nikampa wa tatu amalize mwenyewe.

Akapasua nyongo.

Kifuko chenyewe ni kidogo, cha kijani, kimejibana kwenye ini. Anayejua hakibandui. Anakata pamoja na kipande cha ini kinachokishikilia, anatupa vyote. Kijana akataka kuokoa ini zima, akalivuta. Nikaona kijani kinatiririka. "Shangazi, samahani!" Maji, haraka, na lile ini likaenda zake. Nyama tuliiwahi.

Wa nne ndiye aliyeniharibia hesabu. Ini lake lilikuwa na madoa meupe, kama mtu kalimwagia punje za mtama. Hiyo ni kokidia, ugonjwa wa sungura wanaokanyaga na kula kinyesi chao. Binadamu haambukizwi nao, lakini ini kama hilo siuzi na wala sili, na nyama yake siipeleki kwa mteja anayenilipa. Tutaila sisi, iive vizuri. Nililifukia ini, nikanyanyuka kwenda kutazama sakafu ya kizimba chake. Nilikuta ubao umeoza, mkojo haupiti. Kosa ni langu.

Basi ikabidi nimtoe wa kumi na moja kutoka kizimba cha kawaida, aliyekuwa ametafuna majani usiku kucha. Tofauti niliiona mara tu nilipofungua. Tumbo lilikuwa limekaza kama mpira, na harufu ikaja kabla ya matumbo yenyewe. Robo saa tu tangu achinjwe. Nikamwambia mpwa wangu anuse akumbuke.

Saa 2 asubuhi

Bodaboda, hoteli, mizani. Sungura wangu wa miezi minne akiwa hai ana kilo mbili na nusu hivi, akishachunwa hubaki kilo moja na robo au na kidogo. Mnunuzi mpya kila mara ananitazama kana kwamba nusu nyingine nimeificha kwenye mkoba.

Saa 4 asubuhi

Chai ya maziwa na michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Huku nachemsha matumbo ya mbwa. Nasisitiza: nachemsha. Mbwa akila matumbo mabichi yenye vile vilengelenge vya maji anapata tegu, mayai ya tegu yanatoka kwenye kinyesi chake, yanafika kwenye majani, sungura anakula, na mzunguko umeanza upya nyumbani kwako.

Ngozi nazipaka chumvi na kuzitundika. Soko lake hapa Tabora bado sijalipata. Zinanijazia stoo tu.

Saa 7 na nusu mchana

Tenga lenye sungura sita nyuma ya pikipiki, juu nimetandika gunia lililoloweshwa. Mwisho wa Septemba jua la hapa halina huruma, na sungura joto linamuua upesi kuliko njaa. Ila njia ni nzuri kutazama: mvua haijanyesha hata tone na miombo imeshachipua, majani mekundu kama kutu, msitu mzima unaonekana umeiva.

Saa 9 alasiri

Mzee nilimkuta kwenye kigoda chini ya mwembe.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeniletea sungura au paka wenye masikio?"

Kila nikienda ananipokea hivyo. Kwake yeye sungura ni yule wa porini tu. Na ana hoja, kwa kuwa jina ni moja lakini wanyama ni wawili. Wangu anazaliwa uchi, macho yamefumba, ndani ya tundu lililotandikwa manyoya ya mama yake. Wa porini anazaliwa juu ya ardhi na manyoya yake, macho wazi. Wangu nyama yake ni nyeupe kama ya kuku. Ya yule ni nyekundu iliyokolea, na mafuta hana.

Wakwe zake walikuwa wanafika jioni, chakula saa mbili usiku. Akataka sungura wachinjwe palepale, na kisu akashika mwenyewe. Mimi nikaanza kutafuta pa kutundika ndoano zangu na kuulizia maji. Maji yalikuwa dumu moja, la kupikia.

"Ndoano za nini?" akasema. "Ngozi iache ilipo. Toa tumbo."

Mimi siku zote naanza na ngozi. Nikamwambia hivyo. Akacheka, akanishikisha sungura wa kwanza miguu ya mbele, kichwa juu, akapitisha kidole gumba tumboni kwa kukandamiza, kutoka chini ya mbavu kwenda mkiani. Mkojo wote ukatoka nje. Miaka yote hii nimekuwa nikiukata ule mkia huku naomba kibofu kisipasuke! Halafu akafungua tumbo kwa ncha ya kisu, mkato mfupi, akaingiza vidole mpaka kwenye kiwambo kinachotenga kifua, akakitoboa, akashika kila kitu kuanzia moyo na mapafu, akavuta kuelekea chini kwa mkupuo mmoja. Figo zilibaki, ini akaliweka pembeni juu ya jani, akalikagua pande zote mbili. Alipomaliza hakuosha. Alifuta ndani kwa kitambaa kikavu.

"Maji ya porini ni ya kunywa," alisema. "Na nyama iliyolowa inaoza kabla ya nyama kavu."

Hapo ndipo aliponieleza kile ambacho tumbo la yule wa kumi na moja lilikuwa linaniambia asubuhi. Sungura wa porini anakula usiku. Yeye na wawindaji wenzake walikuwa wanamkurupusha alfajiri kwa mbwa na nyavu, ametoka kushiba. Ukimbeba vile alivyo mpaka jua la saa nne, majani yanachacha ndani, tumbo linavimba, na nyama ya mapaja na kiuno ndiyo ya kwanza kushika ile harufu. Kwa hiyo tumbo linatoka palepale alipoangukia. Ngozi inabaki, kwa kuwa mwindaji hana karatasi wala friji. Ngozi ndiyo inayozuia vumbi na nzi, ndiyo inayofanya nyama isikauke juu, mpaka afike kwa mwenye sufuria. Walikuwa wanakimbilia kisu pia kwa sababu nyingine: mbwa akimmaliza kabla hajachinjwa, wengine kundini watasema ni kibudu, na ugomvi wa kugawana unaanza.

Halafu akachuma kitawi kwenye kichaka, akakikata urefu wa vidole vinne, akachonga ncha zote mbili, akakitega ndani ya mbavu kama boriti. Tumbo likabaki wazi.

Nikanyamaza. Hicho kijiti nakijua.

Babu yangu mzaa baba alikuwa akirudi kutoka msituni na sungura wawili watatu begani, wamefungwa miguu, na kila mmoja alikuwa na kijiti kama hicho tumboni. Sisi watoto wa kike porini hatukwenda. Kazi yetu ilikuwa kushika miguu wakati bibi anachuna. Vijiti vilikuwa halali yetu, tulivijengea zizi la ng'ombe wa udongo. Nilidhani ni vya kubebea. Baadaye nikadhani ni alama ya nani kaua yupi.

"Kijiti hiki, babu?"

"Joto," alisema. "Nyama inaozeshwa na joto lake mwenyewe. Ukifunga mlango, litatokea wapi?"

Wote sita wakatundikwa kivulini, upande unaopigwa na upepo, hakuna aliyemgusa mwenzake. Dakika chache baadaye niliweka kiganja ndani ya mmoja, nikakuta umeshaanza kupoa. Wangu huwa nawapanga kwenye beseni, mmoja juu ya mwingine, nafunika. Nilijisikia vibaya kidogo.

Nikamuuliza kama kweli walikuwa wakiwalaza hivyo mpaka kesho yake. Akasema walikuwa wanakausha kwa moshi, na mara nyingine waliumwa matumbo wakasingizia wachawi. Ya kula usiku uleule, sawa. Kulaza nyama bila ubaridi siku hizi simshauri mtu, hata kijiti kiwe cha dhahabu.

Kuwinda kwenyewe aliacha zamani. "Bwana Nyama hana utani," anasema, yaani afisa wa wanyamapori, na kweli: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila leseni, na sungura naye ni mnyamapori. Mbwa wake wa sasa ni mmoja, mzee, analindia kuku.

Saa 11 jioni

Mkewe alipowasha moto, mzee akaniita nione namna ya kuchuna bila kisu. Anafinya ngozi katikati ya mgongo, anaichana kwa vidole, anaingiza mikono yote miwili kwenye tundu na kuvuta, mkono mmoja kwenda kichwani na mwingine kwenda mkiani. Shati upande huu, suruali upande ule. Kwa sungura wa porini, anasema, ni kama kuchana karatasi. Kwa wangu vidole viligoma, ikabidi kisu kianzishe.

"Huyu anakula kuliko mimi," akalalamika.

Alinionyesha pia vile vijinundu vya nta chini ya makwapa na karibu na mkia, akavichomoa kwa kucha na kuvirusha motoni. Visipotolewa mchuzi unanuka dume. Hilo nalijua, nikafurahi kujua kitu.

Mkewe alikuwa anasaga karanga. Nilikaribishwa kula, nikaomba radhi kwa ajili ya giza la njiani. Nilipewa hela yangu na kibuyu cha asali.

Saa 2 usiku

Nyumbani tumekula yule wa madoa, na ugali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa. Mpwa wangu akachota mchuzi kwanza, akasubiri aone kama mimi nakufa.

Nikamwambia kesho tung'oe ubao wa kile kizimba, na kwamba oda ijayo tutatundika mmoja mmoja, beseni basi. Akauliza kamba tutatoa wapi. Nikamkabidhi kijiti nilichokuja nacho mfukoni, bado kina alama ya damu kwenye ncha, nikamweleza. Akakigeuzageuza.

"Kwa hiyo ni dirisha," akasema.

Saa 4 usiku

Mzunguko wa mwisho na tochi ya simu. Jike wa kizimba cha tatu anajinyofoa manyoya ya kifuani na kuyakusanya kwenye kona. Nahesabu kwa vidole: siku ya thelathini leo, na sanduku la kuzalia nilitakiwa niliweke siku mbili zilizopita. Nimeamsha nyumba nzima kutafuta msumari.