Nilivyojifunza kupiga filamu ya uchimbaji wa kale, Lubumbashi

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa video za arusi, katika mitaa ya Katuba na Kenya hapa Lubumbashi. Kwa hiyo niliporuhusiwa kufuatana na wanafunzi wa akiolojia waliokuwa wakichimba nje ya mji, penye mabaki ya tanuri la kuyeyushia shaba, nilidhani kazi ni ileile: kitu kizuri kikitokea, unakidaka.

Kabla ya kwenda nilipitia makumbusho ya hapa mjini nikapiga misalaba ya shaba iliyotoka katika makaburi ya kale, taa ikiwa ubavuni ili shaba ing'ae. Nilimwonyesha mzee aliyekuwa akiwafundisha wale wanafunzi. Akatazama mpaka mwisho, kisha akauliza, “Mwanangu, huu msalaba ulilala wapi kaburini?”

Sikuwa na jibu. Akanieleza habari za Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako makaburi yalianza kuchimbwa mwaka 1957, na mwanaakiolojia Mbelgiji, Pierre de Maret, akarudi kuchimba mwaka 1974. Katika makaburi ya huko, misalaba ya zamani ni mikubwa na iliwekwa kifuani mwa marehemu. Ile ya baadaye ni midogo, mingi, karibu na nyonga au mikono. Ndiyo maana watafiti wanaona kwamba kitu kilichoanza kama heshima ya mkubwa kiligeuka kuwa pesa. Ukiutoa msalaba mahali ulipolala, habari hiyo yote imekwisha. Filamu yangu ilikuwa imeutoa.

Uwanjani shida ya kwanza ikawa udongo. Saa sita mchana, kiangazi, ukuta wa shimo ni wekundu mtupu. Niliona tabaka siku waliponyunyizia maji asubuhi, jua likiwa bado chini: mstari wa makaa, juu yake mavi ya shaba, yaani takataka za kuyeyushia, juu yake udongo wa shamba. Tangu hapo nilifika saa moja asubuhi, na mchana nilirekodi sauti tu. Mwiko wa kuchimbia ukikwaruza udongo una mlio mmoja, ukigusa kigae una mwingine, na mchimbaji husikia kabla ya kuona. Nilibana maikrofoni ndogo kwenye kola ya mwanafunzi mmoja nikamwomba aseme anachofikiri huku mkono ukifanya kazi. Maelezo yale yalizidi mahojiano yote niliyoyapanga.

Siku ya tatu kilitoka kipande cha mrija wa udongo, ule uliopitisha upepo wa mivukuto kuingia tanurini. Nilikuwa nabadilisha betri. Nikamwomba kijana akirudishe nipige upya. Mzee akasema hapana: walikuwa wameshapima, wamechora, wametoa, kukirudisha ni kuwadanganya watazamaji. Nilikasirika, nakiri. Halafu nikachungulia shimoni na kuona alama ya mrija imebaki udongoni, mviringo, laini kama kidole kilichobonyeza ugali. Nilikaa hapo dakika nzima bila kusogeza kamera. Katika filamu yote hakuna picha ninayoipenda kama ile.

Watu walipita wakiuliza kama tunapata kobalti. Huku kwetu, shimo ni madini. Mama mwenye shamba akaniomba nisionyeshe njia wala mti mkubwa wa pembeni, wasije wakamchimbia usiku mihogo yake ya sombe, yaani majani ya mboga. Nilizitoa picha hizo zote, hata zile nilizozipenda. Nawasihi wenzangu wafanye hivyo.

Kuhariri kulichukua majuma sita, mara nyingi usiku umeme ukirudi. Kutoka saa tisa za mkanda nilibakiza dakika kumi na mbili. Msalaba wa makumbusho umo, lakini unatanguliwa na mchoro wa kaburi, mahali pake pakionekana.

Tuliionyesha kwanza pale shambani, kwa jenereta, shuka jeupe likiwa ukutani. Ilipofika kwenye ile alama ya mrija, yule mama akasema, “Papa, simamisha.” Akasogea, akaweka kiganja juu ya shuka. “Hapa ndipo ninapochuma sombe,” akawaambia watoto wake. “Hapa hapa.”